Mama Opareta na Maneno ya Mumewe

Kabla watu hawajaanza kutembea na simu mifukoni kama leso, mji mzima ulikuwa ukipitia masikioni mwa mwanamke mmoja. Ulinyanyua mkono wa simu, ukangoja kidogo, ukasikia: "Kituo cha simu, nikuunganishe na nani?" Huyo ndiye Mama Opareta. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye cheti, ndani ya kabati. Mchungaji alimwita Opareta, mwenye duka alimwita Opareta, na mama yake mzazi alipokuja kumtembelea mara ya kwanza ilibidi aulize njiani kwa Opareta ni wapi, maana kwa jina alilompa mwenyewe hakuna aliyemjua.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya posta. Ukiingia ulipokewa na harufu ya nta ya sakafu na vumbi lililopata joto. Mbele kulikuwa na ubao mrefu wenye matundu kama mia mbili hivi, kila tundu na taa yake ndogo, na chini ya ubao nyaya zenye vichwa vya shaba zimejipanga safu. Taa ikiwaka, unachomeka waya, unauliza, unachomeka wa pili upande wa pili, watu wanaongea. Dakika tatu zikitimia unaingia katikati: "Dakika tatu zimekwisha, mnaendelea?" Wakisita, unachomoa. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na Mama Opareta aliifanya kwa wepesi wa mtu anayechambua mchele huku anapiga soga.

Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuhitaji kuambiwa namba. Akisikia pumzi tu anajua ni nani na anamtaka nani. Bwana wa kiwanda cha mbao akikohoa saa mbili asubuhi, ameshaunganishwa na mwenye lori. Mke wa daktari akisema "Halo" kwa sauti ya puani, ameshampata dada yake. Wenzake wawili wa zamu walikuwa wakimtania: "Wewe Opareta, siku moja utamwunganisha mtu kabla hajanyanyua simu." Naye anacheka, kichwa kimevimba. Nani angemlaumu? Watu walimsifu mpaka kanisani.

Hata mumewe alimpata kwa kipaji hicho hicho. Siku hiyo alipangiwa dirisha la chini, pale watu wasio na simu walipokuja kuomba kuunganishwa. Akaja kijana mrefu, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Akafungua mdomo, neno likakwama. Lilikwama sawasawa. Shingo imekaza, macho yametoka, na nyuma yake foleni imeanza kuguna, mmoja akicheka waziwazi. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto, na mama yake alikuwa mgonjwa huko mbali, naye alitaka kujua kama ameamka salama. Opareta akamtazama usoni, akaona karatasi yenye namba ya hospitali mkononi mwake, akasema kwa upole kabisa, "Unataka kumwulizia mgonjwa wako. Ingia kibanda namba mbili, kaka yangu." Kijana akatoka kibandani machozi yanamlenga. Maisha yake yote watu walikuwa wamemcheka au wamemkimbia. Huyu alimsaidia.

Wiki iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Mama yake alishapona zamani, lakini kijana bado anakuja kupiga simu. Wenzake Opareta walikuwa wakikanyagana miguu chini ya meza. Alipokuja kumposa, alianza, "Na… na… na…" na Opareta akamalizia, "Nakubali." Jamani, alikubali kabla hajaombwa! Hadithi hiyo iliwavunja watu mbavu miaka mingi, na mumewe mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Basi wakaoana, wakapanga nyumba ya vyumba vitatu, chumba cha mbele kikawa cha cherehani. Mji ukampa naye jina lake: Fundi Pini. Mdomoni mwake hazikosekani pini tano sita, zimebanwa kwenye midomo kama kawaida ya mafundi, ila yeye alizikalisha hapo hata pasipo na nguo ya kupima. Mteja akiona pini haulizi maswali marefu. Anainua mikono, anapimwa, anaondoka. Ilikuwa njia yake ya kumfungia mlango kila mtu asiyetaka kungoja.

Na nyumbani je, pini zilitoka? Zilitoka, lakini neno lilikuwa halifiki mbali. Fundi akianza, "Le… le… leo ni…" mkewe ameshamaliza, "Leo umechoka, najua, maji yako yapo tayari." Akianza kumwambia binti yao jambo, Opareta analimalizia kutoka jikoni. Hakuwa na ubaya wowote. Moyo wake ulikuwa ukiumia kumwona mumewe anahangaika na neno moja kama mtu anayevuta ng'ombe matopeni, akakimbilia kumsaidia kuvuta. Mara nyingi alipatia. Pale alipokosea, Fundi alitikisa kichwa mara moja, akatabasamu, akarudisha pini mdomoni. Binti yao, aliyerithi ulimi wa mama, alikuwa akisema, "Mama, nimebakiwa na dakika moja, usichomoe."

Sasa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe.

Mwaka ule binti alipoanza shule, mchungaji alikuja nyumbani jioni moja mapema, kofia mkononi. Wazee wa kanisa wamekaa, akasema, wamepiga kura, na jina la Fundi limetoka. Wanataka awe mzee wa kanisa. Katika usharika ule kulikuwa na desturi moja isiyopindwa: anayewekwa kuwa mzee husimama mbele ya watu wote, anaulizwa, na anajibu kwa kinywa chake mwenyewe, kisha anasema kwa maneno yake Mungu amemtendea nini. Hakuna kusoma karatasi, hakuna kusemewa.

Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini juu ya meza. Uso wake uling'aa kwa namna ambayo mtu mwingine angeiona. Akaanza: "Mchu… Mchungaji, mi… mi…"

"Anashukuru sana," akasema Opareta, akimwekea mchungaji chai. "Anashukuru kutoka moyoni. Lakini mwenyewe unaona, Mchungaji. Kumsimamisha mbele ya watu mia tatu ni kumtesa. Mtafuteni mwingine, yeye atawashonea makoti ya kwaya bila kuchoka."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa, akanywa chai, akaomba, akaaga. Fundi akarudi kwenye cherehani. Mkewe akamshika bega akipita, moyo umetulia kabisa, akijiona amemwepusha mumewe na aibu.

Tangu hapo maneno ya Fundi yakaanza kupungua. Si kwa siku moja, la hasha. Ni kama bomba linaloziba taratibu: leo matone, kesho matone machache zaidi. Alifanya kazi, alimpenda mwanawe, aliimba besi kwenye kwaya kila Jumapili, na katika kuimba, ajabu, hakukwama hata mara moja. Lakini mezani palikuwa kimya. Akiulizwa kitu anaitikia kwa kichwa. Pini zikawa zinakaa mdomoni mpaka saa ya kula.

Opareta aliona, si kipofu. Akalipeleka jambo kwa Mungu, na kwa maombi alikuwa hodari. Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu alipiga magoti kando ya kitanda akaanza: wagonjwa, wasafiri, wafiwa, binti na masomo yake, kituo cha simu, mchungaji na miguu yake. Mwisho kabisa: "Na mume wangu, Bwana. Mbona amenyamaza? Niambie kitu gani kinamla moyo. Niambie tu, Bwana, nitakisikia. Amina." Na kabla ya ile amina kupoa, ameshasimama, anatafuta viatu. Alimwomba hivyo miaka kumi na minne. Mara nyingine alimlalamikia dada yake kwamba Mungu kwa wengine anajibu, kwake amekaa kimya.

Halafu ikaja ile asubuhi ya bwana wa mbao.

Ilikuwa saa mbili kasoro, ubao umewaka taa kama thelathini, mvua imeharibu laini za upande wa mashariki. Taa ya kiwanda cha mbao ikawaka. Opareta akachomeka, akasikia pumzi ile ile, kikohozi kile kile. "Nakuunganisha," akasema, akachomeka kwa mwenye lori, akaenda zake kwenye taa nyingine, maana kusikiliza mazungumzo ya watu kulikatazwa. Baada ya nusu dakika taa ikawaka tena. "Laini imekatika, samahani," akasema, akamrudisha kwa mwenye lori. Kulikuwa na mtu anapaza sauti huko ndani, lakini alishachomoa waya wa sikio lake. Mara ya tatu taa haikuwaka.

Saa tisa alasiri bwana wa mbao akapanda ngazi mwenyewe. Hakuwahi kufika pale. Nywele zake zilikuwa na unga wa mbao na shati limeloa. Opareta akasimama kumkaribisha, naye akabaki mlangoni.

"Mke wangu alianguka asubuhi," akasema. "Damu ilikuwa inatoka, amebeba mimba ya miezi saba. Nilikuwa naitaka hospitali. Ukanipa mwenye lori, na lori lake lilikuwa safarini. Nikaita tena, ukanipa mwenye lori. Nikaacha simu, nikambeba mgongoni mpaka barabarani."

Opareta akamsogelea. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Mtoto hatukumpata."

Wenzake wa zamu walikuwa wameacha kazi, taa zinawaka peke yake. Opareta akataka kusema, maneno yakaja mengi: mvua, laini, taa thelathini. Bwana wa mbao hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuwa amechoka tu.

"Mama," akasema, "mimi sikuja kukugombeza. Daktari amesema huenda mtoto asingepona hata tungewahi. Nimekuja kukuambia tu. Nilikuita mara mbili, na mara zote mbili hukuniacha niseme."

Akashuka ngazi. Opareta alikwenda msalani akalia mpaka kichwa kikauma.

Jioni alirudi nyumbani. Aliketi kwenye kiti cha wateja, karibu na cherehani, mkoba bado uko mapajani. Fundi akamtazama, akatoa pini. "U… u… u…" akaanza, kisha akakoma mwenyewe, akingoja kama kawaida yake, mkewe aokote neno lililobaki. Kichwani mwa Opareta sentensi tatu zilikuwa zimeshapanga foleni. Umechelewa. Umeloa. Unataka chai. Akauma midomo. Akashika kamba ya mkoba kwa mikono miwili. Jikoni birika likaanza kufoka, maji yanamwagikia jiko, naye hakuinuka.

Fundi akashangaa. Akaanza tena, akakwama, akafumba macho, akavuta pumzi. Ilichukua muda ambao ungetosha kuunganisha watu kumi. Mwishowe neno likatoka: "Unaumwa?"

Ndilo lilikuwa swali la kwanza alilolimaliza mbele ya mkewe kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka la mwisho. Opareta akacheka na kulia kwa pamoja, akamweleza yote. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuingiza neno, halafu akaondoka kwenda kuzima jiko.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu, nisikudanganye. Usidhani mtu mwenye mdomo wa mwendo kasi anaamka asubuhi moja amekuwa mpole. Alijisahau mara tano kwa siku. Akijisahau anajipiga kofi mdomoni, Fundi anacheka, wanaanza upya. Alijifunza kutazama mikono yake badala ya kutazama ile midomo inayohangaika, maana akiitazama huruma inamzidi nguvu. Na Fundi naye alikuwa kama mtu aliyetoka kwenye chumba chenye giza, hana uhakika kama mlango utaendelea kuwa wazi. Alijaribu neno moja. Kisha mawili. Akasimulia kisa cha mteja aliyetaka suruali ipunguzwe kiuno wakati tumbo lenyewe linaongezeka, na kisa hicho kilichukua robo saa, na mkewe akagundua kitu ambacho hakukijua katika miaka ishirini na miwili ya ndoa: mumewe ni mcheshi.

Jioni ya nne au ya tano akapiga moyo konde, akauliza. "Fundi, kuna neno lako lolote nililowahi kulimaliza vibaya?"

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka. Akasogeza kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunja, akakikunjua.

"Mo… moja," akasema.

Opareta akangoja.

"Siku… siku ile ya mchu… ya mchungaji." Akapumzika. Akafuta jasho. "Nili… nili… nilitaka kusema ndiyo."

Opareta aliirudia ile jioni yote kichwani: kofia, chai, pini zinazotolewa moja moja. Uso ule. Aliuona sasa, miaka kumi na minne baadaye, uso wa mtu aliyeitwa na Mungu na akasikia, na akawa anafungua mdomo kuitika.

"Mbona hukuniambia?" akasema kwa sauti iliyokatika. "Miaka yote hiyo, mume wangu, mbona hukuniambia?"

Fundi akamtazama bila hasira. "Ni… nilianza," akasema. "Mara… mara nyingi."

Asubuhi yake Opareta alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua mdomo kuanza na wagonjwa, akashindwa. Alikuwa ameuliza swali moja kila siku ya Mungu, na jibu lilikuwa chumba cha pili, linashona. Mungu hakuwa amekaa kimya hata kidogo. Yeye ndiye aliyemkatiza Mungu kama alivyomkatiza bwana wa mbao, kwa sababu alidhani anajua tayari. Aliona aibu ya kumtosha. Hakusema chochote asubuhi hiyo. Alikaa tu sakafuni mpaka jua likaingia dirishani, akachelewa kazini kwa mara ya kwanza.

Jumamosi akaenda kwa mchungaji, ambaye sasa alikuwa mzee, anatembea na fimbo. "Mchungaji," akasema, "nimekuja kutengua jibu nililokupa."

"Jibu lipi, mwanangu?"

"La miaka kumi na minne iliyopita."

Akamweleza. Mchungaji alisikiliza kidevu kikiwa juu ya fimbo. "Na mimi nilikuwepo," akasema mwishoni. "Nilikutazama wewe kwa kuwa wewe ulikuwa unaongea. Yeye sikumtazama. Basi nitakuja kumwuliza tena. Ila siku hiyo, mama, utanisamehe, nenda dukani."

Alikwenda dukani. Alinunua sabuni asiyoihitaji, akazunguka soko mara tatu.

Jumapili ya kuwekwa wazee ilipofika, miezi kadhaa baadaye, kanisa lilijaa hadi madirishani. Fundi alivaa koti alilolishona mwenyewe. Wenzake wawili wakaulizwa, wakajibu, wakatoa ushuhuda wao vizuri. Ikafika zamu yake. "Je, unakubali?" mchungaji akauliza. Fundi akafungua mdomo. Neno likakwama.

Mnajua watu walivyo na huruma ya haraka. Mama mmoja nyuma akanong'ona, "Nakubali!" Mwalimu wa kwaya, ambaye alijua Fundi hakwami akiimba, akaanzisha wimbo taratibu ili kumpa mahali pa kupitia, na sauti mbili tatu zikamfuata. Wote walikuwa na nia njema. Ndipo kwenye benchi la tatu akasimama mwanamke aliyeukatiza mji mzima kwa miaka ishirini na mitano, akageuka, akainua mkono.

"Mwacheni amalize," akasema Mama Opareta.

Kwaya ikanyamaza. Kanisa likatulia. Hata watoto walitulia, kwa woga nadhani. Fundi alihangaika pale mbele, mishipa ya shingo imesimama, na watu mia tatu wakangoja. Kuna waliofumba macho. Kuna walioanza kutokwa na machozi bila kujua ni kwa nini.

"Na… kubali," akasema Fundi. "Mungu akinisaidia."

Ushuhuda wake ulichukua muda mrefu kuliko wa wale wawili kwa pamoja, na ulikuwa na maneno machache kuliko wote. Alisema watu wengi walimhurumia wakamsemea. Alisema Mungu peke yake hakumsemea, alimngoja. "Mungu a… amenisubiri miaka arobaini na sita," akasema. "Mke wangu a… amenisubiri miezi mitatu. Nawashukuru wote wawili." Kanisa likalipuka kwa kicheko, na Opareta akajifunika uso kwa leso, akicheka na yeye, machozi yanashuka hadi shingoni.

Akawa mzee wa kanisa kwa miaka tisa. Hakuhubiri kamwe. Lakini chumba cha cherehani kilikuwa hakikosi mtu. Mama mkwe aliyegombana na mkwewe alikuja na gauni lisilo na kasoro, eti lipunguzwe. Mwalimu aliyezidiwa na ulevi alikuja kushonewa kifungo kile kile mara nne. Bwana wa mbao na mkewe walikuja pia, wakakaa kwenye benchi siku nzima, hawakusema mengi. Fundi alipima, alishona, alisikia. Kwa kuwa kila neno lilimgharimu jasho, hakuwa na maneno ya kutupa, na lile moja alilotoa mwishoni watu waliondoka nalo. Mtambo mpya ulipoletwa na ule ubao wa matundu ukang'olewa kwa nyundo, Opareta alistaafu, akakaa naye hapo, akikata nyuzi. Asubuhi waliomba pamoja. Opareta alisema yake, kisha wakanyamaza wote wawili. Mwanzoni katika ule ukimya alikuwa akiwaza maharagwe yaliyo jikoni tu. Baadaye sura za watu zikaanza kumjia, watu aliowachomoa katikati ya neno, na akiinuka anakwenda kuwatafuta mmoja mmoja. Binti yake akipiga simu kutoka mbali alikuwa akimwambia, "Sema, mwanangu, mimi nipo."

Moyo wa Fundi ndio uliochoka kwanza. Alilazwa siku sita. Asubuhi ya saba Opareta alikuwa amemnywesha chai vijiko viwili, jua limeingia wodini, Fundi akamshika mkono. Akasema, "Mke wangu, na… na…"

Opareta akangoja. Alitazama vidole vyake, kama alivyojifunza, akangoja bila haraka yoyote. Wagonjwa wengine walikuwa wakiamka, ndoo zinagonga sakafuni. Muuguzi akaja, akamtazama Fundi, akamgusa Opareta begani.

"Mama, pole sana. Ameshapumzika."

"Ngoja kidogo," akasema Opareta. "Hajamaliza."

Muuguzi yule alisimama naye pale, Mungu ambariki, bila kumharakisha.

Kesho yake ndugu walikaa sebuleni kuandaa wasifu wa marehemu. Mchungaji mpya, kijana msomi, alikuwa na kalamu. Alipofika mwisho akauliza maneno ya mwisho ya mzee yalikuwa yapi, na Opareta akamwambia kama yalivyokuwa.

"Alitaka kusema nakwenda kwa Baba," akasema shemeji yake, mdogo wa marehemu. "Lazima. Mtu wa Mungu yule."

"Alitaka kusema nakupenda, mama," akasema binti, akimkumbatia.

Mchungaji akaona yote mawili ni mazuri, akainamia karatasi. Wote wakamgeukia Opareta, aliyeyajua maneno ya mtu huyo kuliko yeyote, achague.

"Usiandike hayo, mwanangu," akasema. "Andika hakumaliza."

"Lakini, Mama, waumini watapenda kujua."

"Hata mimi ningependa kujua. Nimelala nalo macho wazi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nitamkuta huko aliko. Atamalizia mwenyewe, na mimi nitasubiri."